Bango la Magodoro kwenye Ukuta wa Mama

Majirani zangu, na hasa ninyi ambao nyumba zenu zinatazama barabara, nipeni masikio yenu kidogo. Nina habari ya ukuta mmoja. Msikunje nyuso, sitawachosha na mambo ya saruji na mchanga. Nyuma ya ukuta huo alilala mtu, na ni mtu huyo ninayetaka mumfahamu.

Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye kona, pale barabara kubwa inapokutana na ile ya kwenda sokoni. Humo aliishi mama mmoja mjane pamoja na binti yake wa mwisho. Binti huyo watu walimwita Kitinda kwa sababu alikuwa kitindamimba, na jina likamganda mpaka mvi zikaanza kumchungulia kichwani. Aliwahi kuolewa akarudi nyumbani, na hakupenda kuulizwa ilikuwaje. Alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa sebuleni karibu na mlango, na tangu asubuhi ungeisikia ikikereza kama mtu anayesimulia jambo refu.

Ukuta wa upande wa barabara ulikuwa wa tofali, umepigwa plasta laini na kupakwa rangi ya maziwa. Marehemu baba wa nyumba alikuwa mwashi, na aliujenga kwa mikono yake. Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, alikuwa akiziba nyufa na kuupaka rangi upya. Alipofariki, mama hakuiacha desturi hiyo. Alimwita fundi wa rangi, kisha akasimama nyuma yake na kanga begani, akimwonyesha kwa kidole: "Pale umeruka. Na pale. Usinione mzee, macho ninayo."

Katikati ya ukuta huo kulikuwa na dirisha la chumba cha mama. Kila kulipokucha alivuta pazia, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza kazi yake, ambayo ilikuwa kusalimia watu. Aliwajua wote. Mwalimu aliyepita mbio na daftari kwapani aliambiwa, "Mbona leo umechelewa, umegombana na kitanda?" Muuza mkaa aliulizwa habari za mguu wake. Mtu akipita siku mbili bila kuonekana, mama alimtuma Kitinda kwenda kumjulia hali. Kitinda alicheka huko sebuleni, mguu ukiwa kwenye cherehani, na alisema mara nyingi kwamba mama yake alikuwa na wateja wengi kuliko yeye.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Hawakuwa na makubwa, lakini nyumba ilikuwa kavu, ina mwanga, na ina sauti za watu.

Asubuhi moja gari dogo la mizigo likasimama mlangoni. Akateremka kaka mkubwa, mtoto wa kwanza wa mama. Huyu alikuwa na duka la magodoro upande wa pili wa mji. Watu walimwita Bosi Godoro, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Nyuma yake alishuka mtu mwembamba mrefu, mtundika mabango, ambaye kila mtu alimjua kwa jina la Ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeikumbuka njia?"

"Mama na wewe! Ni kazi tu, mama. Kazi imenikaba koo." Alikuwa tayari ameshageuka kuutazama ukuta, akirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akafika katikati ya barabara. "Ngazi, unaona? Mtu akitoka huku anauona. Akitoka kule anauona. Watu wanalipia sehemu kama hii, na sisi tunayo bure."

Alimweleza mama kwamba anataka kuweka bango la ofa. Ni la muda tu. Wiki mbili, tatu, halafu linatoka.

"Mtatoboa ukuta wa baba yenu?" mama akauliza.

"Nani atoboe? Ni utepe wa gundi, mama. Tukimaliza tunabandua, ukuta unabaki kama ulivyo."

"Na dirisha langu?"

"Tutapita juu yake."

Mama akamtazama mwanawe. Alikuwa na furaha usoni kama alipokuwa akirudi kutoka shule na alama nzuri, na mama gani anayeweza kuuzima uso wa namna hiyo? "Haya, baba. Kama litakusaidia."

Bango likapanda. Lilikuwa jekundu, limechorwa mwanamke aliyelala huku akitabasamu, na maandishi makubwa: LALA MPAKA UJISAHAU. Waliokuwa wanapita walilisoma kwa sauti wakacheka, na mama naye alicheka nao dirishani, akisema, "Ni la mwanangu hilo."

Lakini utepe na ukuta wenye rangi ni maadui wa kimyakimya. Jua lilipowaka gundi ikayeyuka na kuuma, na upepo ulipokuja ukalikamata bango kama tanga. Halikutoka peke yake. Lilitoka na rangi, vipande virefu vilivyochunika kama ngozi iliyoungua, na mahali pengine likatoka hata na plasta, tofali likabaki wazi. Mama alitoka nje akaokota magamba ya rangi mojamoja akayaweka kiganjani. Kitinda alimwona, akajisemea kwamba kaka atakuja kupaka.

Kaka alikuja, lakini hakuja na rangi. Alikuja na bango kubwa zaidi, na safari hii Ngazi alikuwa na nyundo na misumari ya zege.

Sasa, ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka mfungue macho, kwa sababu ni rahisi kumlaumu Bosi Godoro peke yake na kumalizia hapo. Siku hiyo Kitinda alitoka nje akiwa amekasirika kwelikweli. Mkasi ulikuwa bado mkononi.

"Kaka, hii sasa siyo. Uliahidi hamtatoboa. Na rangi mmeing'oa."

"Shusha mkasi kwanza, tusije tukauana," kaka akacheka. Kisha akamshika bega, akamvuta pembeni, akateremsha sauti. "Sikiliza, Kitinda. Nilikuwa nakuja kukuambia jambo. Nataka kuanza kuuza mashuka na foronya pamoja na magodoro. Kila godoro na seti yake. Nikawaza, kwa nini nimpe kazi mtu wa nje wakati dada yangu ni fundi?"

Kitinda aliushusha mkasi.

"Utashona wewe peke yako. Vitambaa nitaleta mimi. Hutabandika tena viraka kwenye suruali za watu."

Msitu wa hasira ukawa uwanja mtupu. Kitinda alikuwa ameshona viraka na zipu maisha yake yote. Alijiona na mashine mpya, na msichana wa kumsaidia, na kibao mlangoni. Alipogeuka, misumari ilikuwa imeshaanza kuingia ukutani, na mama alikuwa amesimama mlangoni akishtuka kila nyundo ilipolia.

"Mama, mwache tu kaka," Kitinda akasema. "Ni la muda."

Mama akamtazama. "Na wewe pia?"

Maneno hayo matatu Kitinda aliyasikia vizuri. Aliamua kujitia hamnazo.

Bango la misumari likafunika nusu ya dirisha. Ofa ilipoisha, ikaja ofa nyingine. Bango jipya halikulingana na misumari ya zamani, basi Ngazi akaing'oa, matundu yakabaki wazi, akatoboa mengine. Hakuziba hata moja. Kitinda alipomuuliza, Ngazi alijibu akiwa juu, skrubu mdomoni: "Dada, si linafunikwa? Nani ataona?" Mwishowe Bosi Godoro akachoshwa na upepo. Akaagiza fremu ya chuma, Ngazi akaja na drili na skrubu ndefu, na ukuta mzima, kuanzia chini ya paa hadi usawa wa kiuno, ukamezwa na bango moja lenye yuleyule mwanamke anayetabasamu. Dirisha likawa nyuma yake.

"Mama anahitaji hewa," Kitinda alimwambia kaka kwenye simu.

"Ana mlango. Na ni mpaka mwisho wa mwezi tu."

"Si ungesimamisha nguzo mbili hapo mbele, ufunge bango kwenye nguzo? Ukuta upumue."

"Nguzo zitaibiwa. Kitinda, zile foronya zimefika wapi? Wateja wanauliza."

Foronya zilikuwa zimefika pazuri. Marobota ya vitambaa yalikuwa yamejaa kwenye chumba cha Kitinda, kile cha upande wa nyuma, mpaka yakagusa dari. Yeye mwenyewe alikuwa akilala sebuleni kando ya mashine. Alishona mpaka vidole vikawa na sugu, na kwa mara ya kwanza alinunua viatu bila kuomba apunguziwe. Tusimcheke. Nani kati yetu hajawahi kufumba jicho moja ili lile jingine lione raha?

Chumba cha mama kikawa giza. Asubuhi alivuta pazia kwa mazoea, akakuta mgongo wa bango, weusi mtupu. Alisikia nyayo za watu, hakuwaona. Siku za mwanzo alijaribu kusalimia kwa kupaza sauti. Waliokuwa wanapita walishtuka, wakatazama huku na huku, maana sauti ilikuwa ikitoka kwenye tumbo la yule mwanamke aliyelala akitabasamu. Vijana wakafanya mzaha, wakawa wanalijibu bango. Mama akaacha.

Kisha mvua zikaanza.

Maji ya mvua hayana haraka. Yaliteremka nyuma ya bango, mahali ambapo jua halikufika, yakakuta tofali lililochunwa rangi na matundu yaliyoachwa wazi, yakaingia. Ukuta uliokuwa umevalishwa rangi kila mwaka ili usinywe maji, sasa ulikunywa mchana kutwa. Kwa ndani rangi ikaanza kuvimba malengelenge. Ukiyabonyeza yalitoa maji. Baadaye ukaja ukungu mweusi, kwanza kwenye kona, kisha ukapanda taratibu kuelekea dirishani. Chumba kikanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni.

Kitanda cha mama kiligusana na ukuta huo. Juu yake kulikuwa na godoro alilopewa na mwanawe, lile lililochanika kwenye kona dukani likakosa mnunuzi. Lilivuta unyevu kama sifongo. Kitinda alilitoa nje kila jua lilipochomoza, lakini lilikuwa zito, na jua lenyewe lilikuwa la kubahatisha.

Mama akaanza kukohoa. Mwanzoni kikohozi kikavu, cha kuombea radhi, kama cha mtu anayepita mbele za watu. Kisha kikateremka kifuani.

"Mama, nikuhamishe," Kitinda alisema siku moja, akimpa maji ya moto.

"Unihamishie wapi?"

Kitinda akatazama mlango wa chumba chake. Sebule ilijaa mashine na vitambaa, na chumba kingine kikavu kilikuwa kimoja tu, na ndani yake kulikuwa na marobota ya mashuka meupe ambayo hayakutakiwa kuguswa na unyevu hata kidogo. Kaka alikuwa ameonya: yakipata doa, hasara ni ya fundi. Mama aliufuata mtazamo wa binti yake mpaka kwenye mlango wa chumba kile, akaelewa.

"Acha tu," akasema. "Mwezi utaisha."

Mwezi uliisha. Bango lilibadilishwa, likaja la kufunga mwaka, lenye tabasamu lilelile. Kitinda alimpigia kaka simu. Akapokea mke wa kaka.

"Wifi, mwambie kaka aje amwone mama. Ukuta unatoa maji. Mama anakohoa vibaya."

"Maskini. Nitamwambia. Lakini unajua kipindi hiki dukani hapakaliki. Umempa asali?"

"Wifi, si suala la asali. Aje aone."

"Nitamwambia."

Labda alimwambia, labda hakumwambia. Bosi Godoro hakuja. Alimtuma Ngazi, ambaye alikuja, akakaza skrubu zilizolegea, akaondoka akipiga mluzi. Na Kitinda je? Angeweza kuchukua mkasi wake akalichana bango lile kuanzia juu hadi chini. Mkasi ulikuwa mkali, alikuwa akiunoa kila wiki. Aliufikiria. Alisimama nje mvua ikimnyeshea, akalitazama lile tabasamu, akafikiria mashuka yaliyobaki kukunjwa pindo. Akarudi ndani kushona.

Asubuhi iliyofuata alipoingia na chai alimkuta mama amekaa wima, mikono miwili imeshika ukingo wa kitanda, anapigania pumzi kama mtu anayekunywa kwa kijiko chenye tundu. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Kitinda aliita msaada, na muuza mkaa, na mguu wake mbovu, ndiye aliyembeba mama mpaka kwenye gari la kukodi.

Hospitalini daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma. Alikuwa binti mdogo, sauti ya upole.

"Mama analala wapi? Chumba kikoje?"

Kitinda alieleza. Ukungu. Maji. Dirisha lisilofunguka.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Na hakuna chumba kingine nyumbani?"

Kitinda akatazama sakafu. Daktari akaandika na kuinuka. Alisema mapafu yamejaa, umri ni mkubwa, watajitahidi.

Walimpa mama kitanda kando ya dirisha. Siku iliyofuata alipata nafuu kidogo, ile nafuu inayodanganya. Aligeuza kichwa akaona ua wa hospitali: watu wanapita, mwanamke na kapu, mzee na fimbo. Akainua mkono kutoka chini ya blanketi akawapungia. Hakuna aliyemwona, walikuwa mbali.

"Kumbe nje kuna jua," akasema.

"Lipo, mama."

"Wengi leo." Alitabasamu. Kisha, bila kumgeukia: "Mashuka umeyamaliza?"

Hakuuliza kwa ukali. Laiti angeuliza kwa ukali. Kitinda alishika mkono ule akaubana kwenye paji la uso wake, akasema, "Nisamehe, mama, nisamehe," lakini mama alikuwa ameshafumba macho, na hata leo Kitinda hajui kama alisikia. Jua lilipokuwa linaelekea kutua, mama alikata roho. Bosi Godoro alifika baadaye kidogo, funguo za gari mkononi, akiuliza wodi ni ipi.

Siku ya mazishi ua ulijaa. Wote waliokuwa wakisalimiwa dirishani walikuja: mwalimu, muuza mkaa na mguu wake, hata wale vijana waliokuwa wakifanya mzaha. Wanawake walikuwa ndani, wanaume nje kwenye viti. Shangazi, dada wa marehemu baba, alikaa mlangoni kupokea pole. Ndipo gari dogo la mizigo likaingia, na Ngazi akashuka na bango lililokunjwa.

Bosi Godoro alikuwa ametengeneza bango la rambirambi. Lilikunjuliwa mbele ya watu. Ilikuwa picha ya mama, kubwa kuliko mlango, akicheka. Juu yake: PUMZIKA KWA AMANI MAMA YETU MPENDWA. Na chini, kwa herufi ndogo kiasi lakini za kusomeka kutoka barabarani, jina la duka, namba za simu, na kitanda kidogo kilichochorwa.

Shangazi alivaa miwani akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye namba za simu. Kisha akavua miwani. "Hata wewe Mungu anakuona," akasema.

"Shangazi, ni heshima," Bosi Godoro akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amelia kweli. Hilo nalo mlijue: alilia kweli. "Nataka kila mtu ajue mama alikuwa nani. Ni la muda tu, mpaka msiba uishe. Ngazi, panda."

Kitinda alitoka ndani. Alimshika kaka yake kifundo cha mkono, si kwa nguvu, akamwambia, "Njoo."

"Twende wapi? Wageni..."

"Njoo, kaka."

Alimpitisha katikati ya wanawake, akamfungulia mlango wa chumba cha mama. Harufu iliwapokea. Kaka akasita kizingitini. Hakuwa ameingia chumba kile tangu bango la kwanza. Alizoea kuishia mlangoni, au barabarani, akiutazama ukuta kwa upande wake wa nje.

"Weka mkono," Kitinda akasema.

"Wapi?"

"Ukutani. Pale alipokuwa anaweka kichwa."

Bosi Godoro akaweka kiganja. Ukuta ulikuwa baridi na laini kama uji uliolala. Aliutoa mkono akautazama, ulikuwa na ukungu mweusi na maji. Alijifuta kwenye shati bila kujua anachofanya, likabaki doa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Hukuniambia ni hivi!"

"Nilimwambia wifi akuambie uje uone. Ukamtuma Ngazi akaze skrubu." Akauweka mkono wake mwenyewe ukutani. "Na mimi, kaka, mimi niliona. Kila siku niliona. Nikayalaza mashuka yako pakavu, mama yangu nikamlaza hapa."

Kabla kaka hajajibu, drili ikaanza kulia nje. Ngazi alikuwa ameambiwa apande, na hakuna aliyemwambia ashuke. Mlio uliingia ukutani, ukaingia sakafuni, ukaingia kwenye meno. Wanawake sebuleni wakakatiza kilio chao. Malengelenge ya rangi yakatetemeka, ufa ukatambaa kutoka dirishani, na plasta, kipande kipana kama meza, ikaachia ukuta ikaanguka yote juu ya kitanda cha mama. Ikaangukia mto. Vumbi halikuruka, kwa sababu hakukuwa na kitu kikavu cha kuruka.

Bosi Godoro alipiga ukelele. Alikimbia nje akipangua watu, akaishika ile ngazi na kuitikisa. "Shuka! Shuka nimesema! Acha!" Ngazi aliteremka, drili ikining'inia kwa waya wake, akisema, "Bosi, si wewe uliniambia?" Na tajiri yule, mbele ya umati wote, akaketi kwenye udongo uliolowa na suti yake, akajiinamia.

Hakuna aliyekwenda kumwinua. Mwalimu alilichukua bango la rambirambi akalikunja, picha ikiwa ndani, akaliegemeza kwenye kona. Mama akazikwa.

Mtapenda kusikia kwamba ndugu hao wawili walikumbatiana, wakaanza upya. Haikuwa hivyo, nami siwezi kuwatilia sukari. Fremu iliondolewa wiki hiyohiyo. Kaka aliziba matundu yote kwa mkono wake mwenyewe, akakataa fundi, akapiga plasta iliyokaa vibaya, akapaka rangi ya maziwa. Rangi ikavimba tena. Tofali lililokunywa mvua nzima halikauki kwa haraka ya mtu mwenye majuto. Akakwangua, akapaka tena. Kitinda alirudisha marobota yote bila barua wala ugomvi, akarudi kwenye viraka na zipu. Kaka anapokuja na ndoo yake ya rangi humsalimia, naye hujibu. Hawali pamoja. Kila mmoja akimtazama mwenzake anaona kile chumba, na hakuna hata mmoja anayethubutu kulala humo.

Mafunzo

Ndugu zangu, bango ni la muda, tundu si la muda. Utepe unang'oa rangi, msumari unafungua njia, na maji yakishaipata njia hayaulizi ofa inaisha lini. Ukitaka kutundika, simika nguzo mbele ya ukuta au funga kamba mahali pasipoumia, liache dirisha la mtu lipumue, na siku unapoondoa chako, ziba ulipotoboa siku hiyohiyo. Haya ni mambo ya ufundi, na hata mtu mvivu anaweza kuyashika.

Lakini ukuta haukumwua mama yule. Aliuawa na neno "la muda tu", lililosemwa na mtoto aliyetaka jina lake lisomeke, na kuitikiwa na mtoto aliyekuwa ameahidiwa kitu. Mmoja hakuja kuona, mwingine aliona akanyamaza, na mbele ya kaburi sijui ni yupi mwenye mzigo mwepesi. Heshima ya mzazi haichapishwi ikatundikwa. Ni kumpa chumba kikavu angali anapumua. Na wewe uliyeshika drili, au uliyelipwa ili ushike ngazi, au uliyefungwa mdomo kwa ahadi nzuri: kabla hujatoboa, zunguka nyumba, bisha hodi, uingie ndani uone ni nani amelala upande wa pili.